Rekodi Hii Haipo

Newala, mwezi wa kumi. Ukungu wa bondeni
bado umekaa dirishani saa tatu asubuhi.
Nimebandika karatasi saba za manila ukutani
katika ofisi ya chama inayonuka magunia mapya,
na juu yake nimeandika kwa wino mwekundu:
TUKUBALIANE MANENO.

Mwenyekiti aliniita nichore ramani ya kazi,
karatasi gani inazaa karatasi gani
toka mizani ya kijijini mpaka mnada.
Wiki mbili, alisema.
Huu ni mwezi wa tatu, nimekwama kwenye "kilo."

Bakiri Mchalaganya wa ghalani anasema kilo ni kilo.
Fadhila wa mizani naye anasema kilo ni kilo.
Kati ya kilo na kilo kuna lori, kuna jua la siku nne,
kuna kilo mia mbili na kumi ambazo hakuna aliyezila.
"Unyaufu," wakasema kwa pamoja.
Hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana,
nikaliandika haraka kabla hawajageuka.

Nachora kisanduku, nachora mshale.
Juu ya mshale naandika "ni," ama naandika "ana."
Vijineno vya kumeza bila maji,
na ndivyo vinavyotukaba:
mkulima ni mwanachama, au ana uanachama?
Akiuacha, anabaki nani?

Jumanne akaja Somoe Nangumbi kuulizia malipo.
Karani akabofya, skrini ikajibu:
Rekodi hii haipo.
"Hii?" akasema. "Mimi nimeshakuwa hii?"

Karani alicheka. Mimi nililala na lile swali.
Mkorosho huu. Korosho hii. Bibo hili. Mkulima huyu.
Lugha iliifanya zamani kazi ninayolipwa kuifanya,
ikampa kila mmoja mlango wake wa kuingilia katika sentensi,
bila semina, bila posho.
Hakuna mtoto wa hapa atakayesema bibo huyu.
Ni mimi na mashine yangu
tuliomtoa Somoe kwenye huyu
tukamweka na ndoo, na kalamu, na injini.

Tulimpata, lakini watatu.
Kitabu cha chama: Nangumbi S.
Cha ghala: Somoe Abillahi.
Cha pembejeo: Mke wa Marehemu Mfaume, mikorosho arobaini.
Watatu wanadai, hakuna anayelipwa.
Nikauliza: basi mwenye shamba ni nani?

Mchalaganya: mwenye jina kwenye karatasi.
Fadhila: aliyeleta gunia.
Somoe, kwenye benchi, hakuna aliyemuuliza:
"Mwenye nini? Mti aliupanda Mfaume.
Mavuno ya misimu miwili niliyaweka rehani kwa Chitanda,
alipolazwa Ndanda.
Palizi ni mgongo wangu huu.
Na deni, hilo ni langu peke yangu,
hilo halijawahi kukosea jina."

Nikakipasua kisanduku cha "mwenye" mara nne.
Kila mshale nikaupa "tangu," nikaupa "hadi,"
ila wa mgongo, huo sikujua niandike hadi lini.

Jumatatu bodi inakaa. Maneno kumi na moja yana sahihi.
Kilo sasa ni mbili, ya kijijini na ya ghalani,
na tofauti yao ina kisanduku chake,
unyaufu, na mshale unaotoka humo kwenda pasipo na jina.
Mwenyekiti ameniomba niufute, unachafua mchoro.
Nimemwambia wino huu haufutiki.
Unafutika.

Kitu kimoja nimeshakibadilisha bila kikao.
Ukitafuta jina likakosekana, skrini inaandika:
Huyu hatujampata.
Somoe ameisoma kwa sauti, mara mbili,
akakaza kanga, akauliza ni lini.